Mizani ya Marikiti, Daftari la Nyumbani



Mombasa ina masoko mengi, na lipokealo mizigo mikubwa siku hizi ni Kongowea, ng'ambo ya daraja la Nyali. Lakini mtu wa pwani akisema anakwenda Marikiti, bila ya kuongeza neno, hakuna amuulizaye ni marikiti ipi. Ni ile ya Barabara ya Digo, iliyojengwa mwaka 1914. Waingereza waliipa jina la Mackinnon, yule tajiri wa Kiskoti ambaye kampuni yake ilipata mkataba wa pwani yetu kutoka kwa Sultani wa Zanzibar. Wenyeji hawakulipokea jina hilo. Walilichukua neno la Kiingereza la soko, wakalitia irabu, likawa lao.

Sisi hufika hapo mara mbili tatu kwa mwaka tukitokea kusini, tukimsindikiza ahali yetu. Yeye hununua viungo kwa jumla, akavianika, akavisaga, akachanganya bizari ya pilau na masala ya chai, akavitia vifukoni na kuviuza barazani kwetu. Kazi yetu katika biashara hiyo ni kubeba.

Safari ya mara hii tulikwenda na swali kichwani. Katika darsa ya akina mama, mama mmoja auzaye mahamri na mbaazi mlangoni kwake alituuliza hivi: "Shekhe, mimi huamka kabla ya alfajiri. Nikiisha kuswali naingia jikoni. Wenzangu hukaa msalani wakasoma Qur'ani mpaka jua litoke, mimi niko na karai. Haya yangu yataandikwa wapi, au ni dunia tu?" Tulimjibu kwa ufupi, kwani adhana ya Alasiri ilikuwa imeshaanza. Jibu lake refu tumelikuta njiani, na tunaliandika hapa ili limfikie yeye na walio kama yeye.

Marikiti kwa ndani ni matunda na mboga. Viungo viko katika maduka ya pembezoni na ya mitaa iliyo jirani, na pua hufika kabla ya miguu. Kuna mdalasini uliofungwa kama kuni ndogo, karafuu, jira, dania, pilipili manga, na manjano yaliyokwisha kuitia rangi mikono ya mwenye duka hata sabuni haiyatoi. Iliki huwekwa karibu na muuzaji, mahali mkono wa mpita njia haufiki kwa urahisi, maana bei yake si ya mchezo. Katika iliki, gramu ishirini za uongo ni chakula cha mchana cha mtu.

Tulisimama pembeni tukamtazama muuzaji akimpimia ahali yetu. Alikiweka kwanza kifuko kitupu juu ya mizani, akairudisha sufuri, ndipo akaanza kutia iliki. Kifuko chenyewe kina uzito gani? Hata unyoya una zaidi, mtu aweza kusema. Lakini yeye hakutaka kuuza kifuko kwa bei ya iliki. Kisha akaigeuza mizani, uso wa tarakimu ukamwelekea mnunuzi. "Tizama mwenyewe, mamangu." Ahali yetu hata hakutizama. Alikuwa anachagua mdalasini. Tulipotoka tukamuuliza kwa nini hakuangalia, akatujibu kwamba kwa mtu huyu ameshaangalia miaka kumi na mitatu.

Babu zetu hawakuwa na mizani za tarakimu. Walikuwa na kibaba, na vibaba vinne vikifanya pishi. Vya kupimwa kwa uzito vilikuwa na ratili na frasila. Vipimo hivyo vimeondoka madukani, ila pishi ilikimbilia msikitini. Kila Ramadhani ikikaribia kwisha, watu hutuuliza fitri ni pishi ya nini na ya uzito gani kwa kilo, na kwa siku mbili hizo watoto wa mji mzima hulisikia neno ambalo mwaka mzima hawalisikii. Twapenda kuona hivyo, kwamba kipimo kilichokufa sokoni kimehifadhiwa na ibada.

Wala si ajabu. Dini yetu imejaa maneno ya sokoni. Qur'ani ina sura nzima, ya 83, iliyopewa jina la wanaopunja vipimo. Sura ya Al-Asri, ambayo watoto wetu huihifadhi mapema kwa ufupi wake, humweleza mwanadamu kwa neno la mfanyabiashara, nalo ni hasara. Siku ya Kiyama ina mizani, ina hisabu, ina daftari litakalofunguliwa. Na wale waliosoma sarafu ya Kiarabu wanajua kwamba neno dini na neno deni hutoka katika mzizi mmoja. Tulipokuwa wadogo chuoni, mwalimu alilisema hilo siku moja akapita, nasi tulidhani ni mambo ya lugha tu.

Basi mama wa mahamri apimapo unga wake asipunguze, na akaondoa hamri lililoungua badala ya kulificha chini ya mazima, yuko katika jambo ambalo Mtume, rehema na amani zimshukie, alilitilia mkono kwa maana halisi ya neno. Imepokewa kwamba alipita sokoni penye rundo la nafaka, akaingiza mkono ndani, vidole vyake vikakuta maji. Mwenye mali akaleta udhuru wa mvua. Akaulizwa kwa nini basi hakuiweka iliyolowa juu, watu wakaiona. Lile rundo la sokoni na lile bakuli la mahamri lililofunikwa kitambaa ni kitu kimoja. Ama kuhusu Qur'ani asiyoipata saa ile, siku ina saa nyingine, na ulimi haufungwi na karai.

Kutoka Marikiti mpaka Mtaa wa Biashara ni hatua chache. Huko ndiko kwa leso, zimetundikwa mpaka nje ya milango. Leso, kama wajuavyo, ina pindo, ina mji, na ina jina, na mwanamke wa Mombasa husoma jina kabla ya kuuliza bei. Huuzwa mbilimbili zikiwa zimeshikana, ndipo mafundi wa cherehani walio hapo hapo mtaani wakazikata na kuzipinda. Ahali yetu alichukua kadhaa za kuuza. Na hapa ndipo tulipoona jambo linalotupa kazi kuliko talaka, katika kesi ziletwazo mbele yetu.

Wanawake wawili walikuwa mbele yetu dukani, dhahiri ni wifi na wifi. Mmoja alilipia leso za mwenziwe pamoja na zake. Mwenziwe akasema, "Nitakupa mwisho wa mwezi, wifi yangu." Yule akajibu, "Usijali, twajuana." Wakaondoka wakicheka. Hakuna aliyeandika kitu.

Twajuana! Neno hili tumelisikia mara nyingi kutoka kwa watu ambao sasa hawajuani. Waliwahi kutujia wanawake wawili waliosoma juzuu pamoja, wakaolewa mwaka mmoja, watoto wao wakanyonya ziwa kwa ziwa. Mmoja alimpikia mwenziwe vyakula vya harusi ya binti yake, kwa makubaliano ya mdomo. Mpishi alikumbuka kwamba zimebaki shilingi 4,000. Mwenye harusi alikumbuka 2,500. Kila mmoja alikuwa tayari kuapa. Tuliwasikiliza kwa saa nzima, na tukatambua kwamba hakuna mwongo kati yao. Kumbukumbu ndiyo iliyokuwa na tundu. Fedha tuliziamua, ikapatikana nusu njia. Lakini ule udugu haukurudi, na mtaani hupishana kama wageni. Udugu wa miaka thelathini umevunjwa na 1,500, ilhali kipande cha karatasi kingetosha.

Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani haizungumzii swala, wala saumu, wala hija. Ni aya ya 282 ya Al-Baqara, nayo inazungumzia kuandika deni. Katika misahafu mingi ya siku hizi hujaza ukurasa mzima peke yake. Inataka deni la muda liandikwe, liwe dogo au kubwa, watu wasichoke kuliandika, na kuwe na mashahidi. Biashara ya mkono kwa mkono imeachiwa nafasi, asiyeiandika hana lawama. Na ndani yake mna jambo ambalo wengi hupita juu yake: mwenye kutamka yaandikwe nini ni yule anayedaiwa.

Tafakarini hapo, mama zetu. Aibu yote tunayoona katika kuandika deni la ndugu ni kwamba mkopeshaji atadhaniwa hamwamini mwenziwe. Aya imeiondoa aibu hiyo. Wewe uliyekopa ndiwe useme, "Wifi, hebu toa daftari, andika: mimi nina deni lako la leso, kiasi hiki, mpaka tarehe hii." Ukisema wewe, hakuna aliyevunjiwa heshima. Na yule anayedai, mwezi ukifika na mwenziwe kweli hana, aya ya 280, iliyo karibu nayo, imekwisha kumwambia ampe muda, na kwamba kusamehe ni bora zaidi. Lakini huwezi kusamehe deni usilolijua kiasi chake. Kwanza liandikwe.

Daftari la ahali yetu ni la shule, la kurasa 96, jalada limetiwa mafuta ya samli. Upande mmoja ni fedha za biashara, upande wa pili ni za nyumba. Kifuko cha masala kikitoka barazani kikaingia jikoni kwetu, huandikwa, na mwenye kukilipa ni sisi. Akina baba wenzetu watatuwia radhi, lakini hili lazima lisemwe. Chakula na mavazi ya nyumbani ni juu ya mume. Mtaji wa mke ni wake, na mume achukuaye humo kwa ahadi ya kurudisha ana deni kama deni la dukani, linalostahiki mstari wake daftarini. Biashara nyingi za barazani tulizoziona zikifa hazikufa kwa kukosa wateja. Zilikufa kwa mia mia zilizochotwa na wenye nyumba, za nauli, za mkopo wa simu ya mtoto, za mchango wa harusi.

Akitoa kwa hiari yake, hilo ni jambo jingine, tena kubwa. Zaynab, mke wa Abdullahi bin Mas'ud, alikuwa mwanamke wa kazi za mikono, na mumewe hakuwa na kitu. Alitaka kujua kama anachowapa mumewe na mayatima anaowalea chahesabiwa sadaka. Jibu la Mtume lilikuwa kwamba ana ujira mara mbili, ujira wa udugu na ujira wa sadaka. Mama aliyetuuliza swali lile ana mume mgonjwa. Tunadhani atajua kwa nini tumekitaja kisa hiki.

Siku hizi kuna semina za kujiendeleza, watu hulipa kiingilio wakakaa hotelini kutwa, wakatoka na kalamu na mfuko. Hatuzikatazi. Lakini Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliiandika semina hiyo katika Ihyaa, na mfano alioutumia ni wa dukani. Nafsi yako, asema, ni kama mshirika wako katika biashara. Asubuhi unamwekea sharti, mchana unamwangalia, na jioni unakaa naye mkafanya hisabu ya mtaji, faida na hasara, kwa sababu mshirika asiyeulizwa huiba. Wanavyuoni huiita muhasaba. Tumeifundisha miaka mingi msikitini, na twakiri kwamba waliotuelewa upesi zaidi hawakuwa vijana wa vyuo vikuu. Ni wanawake ambao kila usiku, watoto wakilala, hutandika noti zao kitandani na kuzihesabu. Wamekwisha kuzoea kukaa na jambo na kuliuliza: nilianza na nini, nimebaki na nini, kilichopungua kimekwenda wapi? Anayeweza kuuliza hivyo kuhusu unga, kuuliza hivyo kuhusu ulimi wake na swala yake ni hatua moja tu mbele.

Jua lilipokuwa limepanda tulishuka Mji wa Kale kwa vichochoro, mizigo begani, tukapita karibu na Msikiti wa Mandhry, ambao umri wake huhesabiwa tangu mwaka 1570, mpaka Bandari ya Kale. Zamani majahazi yalifika hapa kwa kaskazi na kuondoka kwa kusi, na mtu aliweza kumkabidhi nahodha mali yake akangoja upepo wa mwaka mwingine kujua amepata nini. Kati ya upepo na upepo palikuwa na barua, hati na mashahidi. Waliaminiana sana, na waliandika sana.

Ahali yetu aliketi kivulini penye ubaridi. Sisi tulimwendea muuza kahawa, dele lake juu ya makaa, vikombe vyake vikiogelea ndani ya ndoo. Wazee wanne watano walikuwa wakinywa na kuzungumza habari za mechi ya jana. Muuzaji humimina tu, hahesabu. Anayeondoka humwambia mwenyewe, "Vitatu na kashata moja," naye hupokea fedha bila ya kumtazama usoni. Tulikunywa viwili, tukampelekea ahali yetu kimoja, tukarudi kutaja vitatu. "Na kashata alizokula mama, mbili," akatukumbusha mzee mmoja aliyekuwa karibu na kivuli, na watu wote wakacheka, nasi tukalipa.