Babu Anataka Mkanda Ushibe

Wapo wanaodhani kurekodi gitaa ni kuchomeka waya na kubonyeza kitufe chekundu, basi. Ingekuwa rahisi hivyo, ndugu msomaji, kila mtaa ungekuwa na studio. Kazi yenyewe iko mlangoni, pale sauti inapoingia kwenye kompyuta.

Gitaa la umeme hutoa umeme kidogo mno. Nyuzi za chuma zinatikisika juu ya sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba, na mtikisiko ule unageuka umeme. Umeme huo unaingia kwenye kisanduku kiitwacho intafesi, kinachoukuza na kuugeuza kuwa tarakimu. Kuna kitufe cha kukiambia kisanduku kuwa hili ni gitaa, si maikrofoni. Usipokibonyeza mlio unafifia, ule ukali wake mtamu unapotea. Halafu kuna kitufe cha kuzungusha, geini. Hicho ndicho kilichotaka kunigombanisha na Babu.

Babu huyu ni jirani yetu. Zamani alipiga gitaa la solo katika bendi ya dansi ambayo leo imekufa. Ana wimbo aliomtungia marehemu mkewe, na haukuwahi kurekodiwa popote. Sasa baridi yabisi imemvamia vidole. Nilipomwamkia shikamoo jioni ile na kisanduku cha kuazima mkononi, aliniambia, "Marahaba. Nitapiga mara moja, mjukuu wangu. Mbili Mungu akipenda."

Nikamwomba anionjeshe. Akagusa nyuzi taratibu, kama anayepapasa kichwa cha mtoto.

"Siyo hapo, Babu. Nipigie pale penye sebene."

"Kwani hapa pana ubaya gani?"

"Hapana ubaya. Ila nataka kujua ukipandisha unafika wapi."

Akacheka, akazitandika nyuzi. Kipimo kikaruka karibu na sifuri. Nikazungusha geini kushuka mpaka mapigo yake makali yakawa yanagota kwenye desibeli -12.

Babu akakunja uso. "Mbona unaninyima sauti? Enzi zetu mkanda lazima ushibe, bwana!"

Na alikuwa na haki. Mkanda wa sumaku una mvumo wake wa chinichini, shhh, kwa hiyo mafundi walijaza sauti ili kuuzamisha. Tena mkanda ulikuwa na huruma: ukiuzidishia kidogo, sauti inavimba polepole, na wengine wanaipenda hivyo hivyo. Kompyuta haina huruma hiyo. Sifuri ndiyo dari. Wimbi likipita hapo, kichwa chake kinakatwa kama kwa panga, na badala ya mlio unabaki mkwaruzo. Wala usidhani utapunguza baadaye ndani ya programu. Sauti iliyokatwa mlangoni ukiipunguza inabaki imekatwa, tofauti ni kwamba sasa inasikika kwa mbali.

Nikamweleza kuwa tunarekodi kwa biti 24. Kila biti inaongeza kama desibeli 6 za nafasi. Kwa hesabu ya karatasi zinafika 144. Ukiacha 12 juu wazi, hupotezi kitu. Sauti ndogo iliyo safi utaikuza kesho.

"Basi niongezee humu masikioni," akasema, akigusa hedifoni. Hilo likawezekana bila kugusa geini.

Akapiga. Mzunguko wa kwanza alikuwa mpole, wa pili akachangamka. Wa tatu sijui alimwona nani, maana alizichapa nyuzi kuliko alivyozichapa kwenye majaribio. Kipimo kikapanda, -8, -5, moyo wangu nao ukapanda. Taa nyekundu haikuwaka. Alipomaliza, vidole vilikuwa vimekakamaa, ikabidi binti yake amsaidie kuliweka gitaa chini. Ile mara ya pili haikuwepo.

Mimi ninaandika riwaya, na tangu siku ile siwapimi wahusika wangu kwa maneno yao ya asubuhi, wanapoombana chumvi. Kijana mwenzangu unayerekodi, nawe usimpime mtu akiwa ametulia. Mwombe apige kwa nguvu zake zote, kisha mwachie nafasi juu yake, kwa kuwa siku yenyewe atazidisha.

Wimbo wa Babu una dakika 4 na sekunde 11. Nimeuhifadhi sehemu tatu.