Nilipoulizwa Nataka Mshahara Kiasi Gani

Mwaka 2022 niliitwa kwenye usaili wa kazi ya mhasibu msaidizi jijini Dar es Salaam. Mambo yalikwenda vema hadi nilipoulizwa: "Je, ungependa kulipwa kiasi gani?" Niliona haya, kana kwamba naomba sadaka. Nikajumlisha upesi moyoni kodi ya chumba, nauli, chakula na ada ya mdogo wangu aliyekuwa chuo cha ufundi, nikajibu: "Shilingi 600,000." Wakakubali papo hapo.

Mwisho wa mwezi nilipokea 426,000. Shilingi 60,000 zilikwenda mfuko wa hifadhi ya jamii, 90,000 Bodi ya Mikopo kwa deni langu la masomo, na 24,000 kodi ya mapato. Sikudhulumiwa hata senti. Wenzangu walihesabu kabla ya makato, mimi nilihesabu cha mkononi. Tena mhasibu mzima!

Basi nawe utakapoulizwa swali hilo, piga kwanza hesabu ya makato, kisha utamke wazi kwamba kiasi utajacho ni kabla yake au baada yake. Mdogo wangu alikaa nyumbani muhula mzima.