Uji Uliobaki

Nilizaliwa Ishiara, nchi ya joto, ambako jua la Januari hukausha ndengu kwenye turubai huku ukitazama. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kupakia magunia kwenye malori siku za soko. Nilijua mgongo wangu unaweza kubeba chochote.

Kwa hiyo mwaka 1994, binamu yangu aliyekuwa mpagazi wa Mlima Kenya aliponiita Chogoria, sikusita. Januari na Februari mlimani ni kiangazi, na wageni huwa wengi. Nilinunua koti zito la mitumba, nikaenda.

Kutoka geti la Chogoria, karibu mita 3,000, tulipanda hadi Ziwa Ellis, kisha tukafuata Bonde la Gorges mpaka kambi ya Minto, juu ya mita 4,200. Usiku huo kichwa kiliniuma kama kinapasuliwa kwa shoka. Nikanyamaza. Mpagazi anayelalamika haitwi tena, na nyumbani walikuwa wakisubiri karo.

Kiongozi wetu, mzee wa Chogoria, aliuona uji wangu umepoa kikombeni. Hakuniuliza kitu. Aliwaachia wageni msaidizi wake, akawaambia wenzangu kwamba ananituma chini, akaubeba mzigo wangu mwenyewe. Tulishuka kwa tochi hadi kichwa kikafunguka.

Kulipopambazuka alinisimamisha kando ya lobelia. Majani yake yalikuwa yamekinga maji kama bakuli, na juu ya maji palikuwa na utando wa barafu, mwembamba kama kioo cha taa ya chemli. Aliutoboa kwa ukucha. Chini yake maji hayakuwa yameganda.

“Chipukizi limelala humo,” alisema. “Barafu ndiyo blanketi lake. Mwanangu, kushuka si aibu. Aibu ni kuficha.”

Wiki mbili baadaye nilifika kilele cha Lenana, mita 4,985, jua likichomoza. Ni juu ya mlima huo Kisoi Munyao alipoisimamisha bendera ya Kenya huru mwaka 1963. Nilitazama upande wa Ishiara, nikaona ukungu mtupu wa joto, nikalia.

Nimepanda mlima ule kwa zaidi ya miaka 22, mingi yake nikiwa kiongozi. Barafu ya Lewis, niliyoikuta ikiwa pande moja chini ya Lenana, imekatika vipande mbele ya macho yangu, na kila msimu inaniuma kama kifo cha jirani. Wageni huniuliza kuhusu kilele, nami huwapa mita na saa. Lakini kabla ya kuondoka kambini saa nane za usiku, sitazami kilele wala mizigo. Huzunguka na tochi, nikichungulia vikombe vya vijana wangu. Nikikuta uji umebaki, huubeba mzigo wa mwenye kikombe, nikawaambia wenzake kwamba ninamtuma chini.