Bepari Alikuwa Nani?

Mtunzi wa shairi akitaka kumtaja mtu anayenunua na kuuza, hukutana na tabu ya mizani. Neno "mfanyabiashara" lina mizani 7, nalo humaliza karibu kipande kizima cha mizani 8. Zamani tulikuwa na neno fupi: bepari. Lilitoka kwa Wahindi, na maana yake ilikuwa hiyo hiyo, mfanyabiashara, bila sifa wala lawama.

Bepari mashuhuri kuliko wote alikuwa Allidina Visram, mzaliwa wa Kutch. Alifika pwani yetu angali kijana, akafanya kazi Bagamoyo chini ya Sewa Haji Paroo. Sewa Haji alipofariki mwaka 1897, Allidina aliendelea kutandaza maduka yake hadi Uganda, matawi yakazidi 30. Yaliuza vitambaa, shanga na waya, yakanunua pembe za ndovu. Mwenyewe alifariki mwaka 1916, na haikuchukua muda mrefu himaya yake ikasambaratika. Leo jina lake limebaki katika shule ya sekondari ya Mombasa.

Bidhaa kama hizo zilipita huku kwetu Ugogo, katika njia ya misafara kati ya Bagamoyo na Tabora. Watemi walitoza hongo, yaani ushuru wa kupita katika nchi yao na kunywa maji yake. Kwao hongo ilikuwa haki ya mwenye nchi. Leo anayepokea hongo hupelekwa mahakamani.

Bepari naye alihukumiwa mwaka 1967. Baada ya Azimio la Arusha, makampuni makubwa ya biashara, Smith Mackenzie na Dalgety yakiwamo, yalitaifishwa, na shughuli zao zikaangukia Shirika la Biashara la Taifa. "Ubepari" ukawa jina la mfumo mzima wa unyonyaji. Nilifundisha fasihi miaka mingi, na kila bepari alipotokea kitabuni, darasa lilikuwa limekwisha kumtia hatiani kabla hajatenda neno.

Sisemi kwamba wenye maduka wale walikuwa malaika. Shanga kwa pembe si biashara ya kusifiwa. Nasema tu kwamba msomaji wa maandishi ya kale hana budi kuuliza mwaka kabla ya kutoa hukumu. Hata "tajiri", ambalo kwa Waarabu ni mchuuzi, sisi tumelifanya mwenye mali. Tumepoteza maneno mawili mafupi ya mtu wa dukani. Watunzi, mnaweza kutupatia la tatu?