Sweta Mpya Si Mtumba

Ndugu msomaji, huenda unaye mtoto ng'ambo anayekuahidi mzigo wa nguo. Basi sikiliza yaliyonipata mimi, karani wa parokia, niliyefundishwa katika chuo cha ualimu kusahihisha makosa ya wengine.

Mwaka jana kijana wetu mmoja anayefanya kazi Ujerumani alitutumia magunia mawili ya nguo. Karibu zote zilikuwa zimevaliwa, ila ndani yake alitia sweta 30 mpya za watoto wa chekechea, maana asubuhi za Julai huku Njombe hazina huruma. Wakala wa forodha akanipigia simu kutoka Dar es Salaam, aniulize kilichomo. Nikajibu upesi, "Mitumba." Sweta nilizijua. Lakini nilijisemea moyoni kwamba zimo guniani pamoja na mitumba, basi nazo ni mitumba. Tena fedha ya ushuru ilikuwa mchango wa akina mama, na wengine walikuwa wameuza kuku.

Yule wakala ni mtu mzima. Akauliza, "Karani, zote zimevaliwa?" Nikanyamaza. Akasema, "Basi nisikilize."

Akanieleza kuwa kila nguo iingiayo nchini hupewa namba yake. Orodha ya namba hizo ilianza kutumika mwaka 1988, nayo hutunzwa na Shirika la Forodha la Dunia lililoko Brussels. Namba ya mitumba ni 6309. Nguo haiitwi hivyo mpaka mambo mawili yaonekane: iwe imechakaa kwa kuvaliwa, na iletwe kwa wingi, ama katika robota, ama gunia, ama kifungashio cha namna hiyo. Sweta zetu gunia zilikuwa nalo. Uchakavu hazikuwa nao.

Tena tofauti si ya jina tu. Mwaka 2016 nchi za Afrika Mashariki zilipandisha ushuru wa mitumba kuwa senti 40 za dola kwa kilo, au asilimia 35 ya thamani, ipi iliyo kubwa. Sasa piga hesabu nami. Sweta zetu zilikuwa na uzito wa kilo 8. Kwa mizani, ushuru wake ni dola 3 na senti 20. Risiti ya duka, ukiigeuza kuwa dola, ilikuwa 240. Asilimia 35 yake ni dola 84, nauli na kodi nyingine bado. Hapo ndipo uongo wangu mdogo ulipokuwa umejificha.

Nikamwambia aandike kweli. Kumbe na kweli ina maswali yake! Sweta hufumwa kwa vitanzi, kwa hiyo zinakaa kwenye sura ya 61, namba 6110. Lakini za watoto wasiozidi kimo cha sentimita 86 zina namba yao, 6111. Ushuru haukubadilika kwa hilo, ila namba lazima iwe sahihi. Kijana wetu alikuwa ametutumia vipimo, nami nikasimamisha watoto mlangoni pa ofisi, mmoja mmoja, na futi ya fundi cherehani mkononi. Wadogo zao waliobebwa mgongoni nao walitaka kupimwa, wakalia walipokataliwa. Mwishowe sweta 4 zikawa za wadogo kabisa.

Vifungo navyo vina sheria. Vazi la kufungwa mbele, upande wa kushoto ukilalia wa kulia, ni la kiume. Wa kulia ukilalia wa kushoto, ni la kike. Lisipojulikana kabisa, huhesabiwa la kike. Akina mama walicheka sana.

Walicheka baadaye. Kwanza ilinibidi nisimame mbele yao, niseme kwamba fedha imepelea, na kwamba nilitaka kuikwepa kwa uongo. Mama mmoja akauliza tu, "Zitafika kabla baridi haijaisha?"

Zilifika wiki ya mwisho ya Julai. Fedha iliyopelea niliilipa katika mshahara wangu wa mwezi ule.