Nirudi Shamba Sasa, au Ningoje?

Karani atimizapo miaka 50 hukutana na swali ambalo hapo kwanza halikumhusu: aendelee na kazi, au aiache arudi kwao akalime? Katika kazi ya Serikali ya Kenya mtu hulazimika kustaafu afikapo miaka 60. Zamani ilikuwa 55, mpaka ilipobadilishwa mwaka 2009. Lakini sheria ya pensheni humruhusu mtumishi kuomba kustaafu tangu miaka 50, ikiwa ametumika miaka 10 au zaidi, wala hapotezi haki yake. Basi kuna miaka kumi ambayo ufunguo wa mlango umo mkononi mwake mwenyewe. Mimi nina miaka 51, nami nimo katika miaka hiyo.

Nimekuwa karani wa Serikali mjini Mombasa kwa miaka 26. Nyumbani kwetu ni Taita, upande wa Wundanyi, ambako tuna shamba la ekari tatu mlimani: mahindi na maharagwe, migomba, kabeji na nyanya za kupeleka soko la Kongowea, na ng'ombe wawili wa maziwa. Nasema "tuna", lakini kwa kweli mlimaji ni mke wangu. Mimi hufika mwisho wa mwezi, hulala siku mbili, kisha hurudi kazini. Wazee husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nami siku ya tatu huwa nimekwisha panda gari la Mombasa.

Sababu za kuacha kazi sasa si haba. Kwanza, nimechoka na joto, kodi ya nyumba na kupanda matatu alfajiri. Pili, ofisini mwetu wapo vijana waliosoma wanaongoja nafasi, na kila mzee akaaye mezani mpaka miaka 60 huziba mlango wa mmoja wao. Tatu, shamba lataka mtu mwenye nguvu. Nimewaona wenzangu waliokwenda kwao wakiwa na magoti yasiyopanda mlima. Walichoweza ni kukaa barazani na kuamuru. Nami nisingependa kurudi hivyo.

Lakini mali bila daftari hupotea bila habari. Nilitwaa kalamu nikapiga hesabu, nami naieleza hapa kwa sababu wengi walio katika mpango wa zamani wa pensheni hawajapata kuipiga wenyewe. Mshahara wa msingi wa mwaka mzima huzidishwa kwa idadi ya miezi mtu aliyotumika, kisha hugawanywa kwa 480. Posho ya nyumba haimo. Mshahara wangu wa msingi ni shilingi 48,000 kwa mwezi, yaani 576,000 kwa mwaka, nami nimetumika miezi 312. Pensheni yangu ingekuwa shilingi 374,400 kwa mwaka. Mtu akipenda huiacha robo ya pensheni hiyo, akalipwa robo hiyo mara 20 kwa mara moja, ndicho kiinua mgongo. Kwangu ni shilingi 1,872,000, na pensheni inayobaki ni shilingi 23,400 kwa mwezi.

Nikingoja mpaka miaka 55, hata mshahara usipopanda, kiinua mgongo kitakuwa shilingi 2,160,000 na pensheni 27,000 kwa mwezi. Nikingoja mpaka 60, ni shilingi 2,520,000 na 31,500. Vijana walioingia mpango mpya ulioanza Januari 2021, ambao mtumishi na Serikali huchanga kila mwezi, wana hesabu nyingine.

Nilipotazama tarakimu hizo, nilishawishika kwenda. Mshahara wangu, ukiisha kukatwa kodi na mkopo wa chama cha akiba, na nikiisha kulipa nyumba, chakula na nauli za Mombasa, kinachofika Wundanyi ni shilingi 17,000 tu, na karo ya mtoto wetu wa mwisho imo humo humo. Pensheni ya 23,400 ingefika nyumbani nzima. Niliona kana kwamba nakaa mjini ili nipate hasara. Mwisho wa mwezi nilipanda nyumbani na karatasi yangu mfukoni, nikiamini kuwa nampelekea mke wangu habari njema.

Aliisoma yote bila kusema neno. Kisha alileta daftari lake. Mke wangu huandika kila kitu: kilo za maziwa apelekazo kwa chama cha ushirika, magunia, mbolea, dawa ya ng'ombe, ujira wa vibarua. Mwaka uliopita shamba lilitupa faida ya shilingi 96,000, yaani 8,000 kwa mwezi. Lakini faida haiji kwa mwezi, na palikuwa na miezi miwili ambayo halikuingiza hata senti. Kisha alinifungulia kurasa za nyuma, tangu mwisho wa mwaka 2020 mpaka mwisho wa 2022, mvua zilipokosa misimu mitano mfululizo katika sehemu nyingi za Kenya. Kurasa zile hazina mauzo ila kidogo sana. Zilichojaa ni manunuzi: majani makavu ya ng'ombe, mitungi ya maji, unga. Na mwanzo wa kila mwezi pameandikwa neno moja: Mombasa. Ndizo pesa zangu. Katika miaka ile mshahara ndio uliokuwa mvua.

Akaniuliza, "Baba watoto, ukame ule ukirudi nawe uko hapa, tutaandika nini mwanzo wa mwezi?" Nikamjibu, "Pensheni." Akasema, "Pensheni yenyewe hukawia. Wako watu waliongoja miezi mingi kabla ya kulipwa ya kwanza. Na baki ya mkopo wako itadaiwa ukiacha kazi, nayo itakula kiinua mgongo. Halafu wewe mwenyewe utakuwa hapa, nawe wala. Ukija sasa utaniletea mikono miwili iliyozoea kalamu, na utaniondolea mshahara uwezao kuajiri mikono minne iliyozoea jembe."

Tulicheka sote wawili, lakini yeye hakuwa amemaliza. Akasema, "Na mimi je? Wewe wahesabu miezi 312. Yangu ameihesabu nani? Nimelima tangu mwaka ule ulipoandikwa kazi, wala hakuna sheria iniambiayo ni lini nipumzike."

Sikuwa na jibu la upesi. Swali nililokuwa nikijiuliza lilikuwa la mtu mmoja, hali kazi zenyewe ni mbili, na watumishi ni wawili. Kazi ya ofisini ina mwanzo na mwisho vilivyoandikwa, ina likizo, ina pensheni. Ile ya mlimani haina hata kimoja. Kama ningeacha yangu kabla ya wakati, mzigo ungemwelemea yule ambaye hana mahali pa kuustaafia.

Tulizungumza usiku ule, na kesho yake, hata tukapatana. Nitaendelea na kazi mpaka miaka 55, si zaidi. Miaka hiyo minne haitakuwa ya kungoja tu, bali ina kazi iliyoandikwa katika daftari lile lile.

Kazi ya kwanza ni kijana wa kukata nepia na kulima pamoja na mke wangu. Ameajiriwa tangu mwezi huu, na ujira wake hutoka katika mshahara wangu. Kwa ajili hiyo nimehamia chumba kidogo zaidi mjini. Ya pili ni maji. Mkopo wangu utakwisha baada ya miezi 18, ndipo shilingi 11,000 zinazokatwa kila mwezi zitakaponirudia. Hizo zitanunua tangi na mabomba, ili nepia na mboga zisitegemee mawingu peke yake. Ya tatu ni karo, ambayo itakuwa imekwisha mtoto amalizapo sekondari. Na ya nne ni jaribio: kabla sijaacha kazi, shamba lazima lipite msimu mmoja mbaya bila kuomba Mombasa kitu. Likifaulu mapema, nitarudi mapema.

Kiinua mgongo kitawekwa benki kwa majina mawili, wala hapana mmoja wetu atakayekitoa bila saini ya mwenzake. Twawajua waliokipata wakanunua gari la abiria ambalo hawakujua hata kulitengeneza, na waliowakopesha ndugu wote kwa furaha ya siku moja. Na siku nitakapostaafu mimi, atastaafu na yeye. Kulima kutakuwa juu yangu na juu ya kijana. Yeye atashika daftari, kazi aijuayo kunishinda.

Wenzangu vijana wa ofisini watasema kuwa naziba nafasi yao miaka minne zaidi. Neno lao ni la haki, nami silipuuzi. Ndiyo sababu sitangoja mpaka 60, ingawa sheria yaniruhusu.

Ndugu msomaji uliye na umri kama wangu, sikwambii uende wala ukae. Yako mashamba yaliyokwisha simama, yenye maji na mifugo na mtu wa kuyatunza, na mwenye shamba kama hilo aungojaye umri wa miaka 60 apoteza nguvu zake bure. Yako pia mashamba yaliyosimama kwa sababu ya mshahara tu, na mshahara ukiondolewa yataanguka kwa msimu mmoja. Tofauti ya mawili hayo huwezi kuiona katika karatasi ya pensheni. Tafuta daftari la shamba, na kama halipo lianze leo. Usome kurasa za mwaka wa njaa, si za mwaka wa neema. Kisha mwulize yule aliyelitunza shamba wakati wewe ukiwa mjini, nawe umsikilize mpaka amalize, maana yeye ajua vizuri kuliko wewe kama shamba liko tayari kukupokea.