Pijo ya Korogwe, Landrova ya Mombo

Baba mkwe wangu amekuwa fundi wa magari karibu maisha yake yote, na ndiye aliyetaka twende Arusha kwa gari letu badala ya basi. Kwangu na kwa watoto ilikuwa mara ya kwanza kuipita njia hiyo mchana, tukisimama tunapotaka. Sharti lake lilikuwa moja: atakayeliona gari la zamani apige kelele, na kama limesimama na mwenyewe yupo, tutashuka tumsalimie.

Hadi Chalinze hatukuambulia cha maana. Barabara ilijaa malori ya mizigo na Noah kama yetu. Nje ya gereji moja tuliona lori la Bedford limewekwa juu ya matofali, halina injini wala magurudumu. Mume wangu alipunguza mwendo, baba akaliangalia, akatikisa kichwa, tukaendelea.

Korogwe ndipo kelele ya kwanza ilipopigwa. Tulikuwa tumeshaipita Segera, mashamba ya mkonge yakionekana pembeni, mwanangu wa kiume akaona mapezi ya nyuma ya gari yakichungulia chini ya banda la mabati. Ilikuwa Peugeot 404 nyeupe. Mwenyewe, mwalimu mstaafu, alitoka dukani kabla hatujabisha hodi. Watoto walimwamkia, akaitikia, akawauliza majina yao na madarasa yao, kisha akafungua boneti bila kuombwa.

Injini imelala ubavu. Binti yangu alidhani imevunjika kitako, lakini babu yake alimweleza kuwa kiwandani waliilaza makusudi, ili boneti iwe chini na uzito wa gari ukae karibu na ardhi. Gari hilo lilianza kuuzwa mwaka 1960, na umbo lake lilichorwa na Pininfarina wa Italia. Gia yake iko kwenye usukani. Mwalimu aliwaruhusu watoto wakae mbele na kuibadilisha, nao walifanya hivyo kwa heshima ambayo nyumbani siioni.

"Kaka yangu aliinunua kwa sababu ya Shankland," alisema.

Baba alicheka kwa furaha, maana jina hilo analijua vizuri. Bert Shankland, mzaliwa wa Scotland aliyeishi na kufanya kazi Dar es Salaam, alishinda mashindano ya East African Safari mwaka 1966, akarudia 1967, mara zote mbili akiwa na Chris Rothwell ndani ya Peugeot 404. Mashindano hayo yalianzishwa mwaka 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Kwa miaka mingi yalifanyika wakati wa Pasaka, yaani katikati ya masika. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakamaliza 7 tu, na la kwanza lilikuwa 404 ya Nick Nowicki na Paddy Cliff. Mtu wa Korogwe aliyekuwa akifikiria kununua gari hakuhitaji tangazo lolote baada ya hapo. Tope lilelile lililomkwamisha yeye ndilo lililokuwa limelipima gari.

Mwalimu alikuwa mtoto wakati huo. Anakumbuka kusimama kando ya barabara na wenzake, wamelowa chapachapa, wakisubiri mwanga wa taa. Kaka yake alifariki, gari likabaki kwake. Sasa linatoka Jumapili na siku za harusi.

Mombo tulikaa muda mrefu kuliko tulivyopanga. Hapo ndipo barabara ya Lushoto inapoachana na barabara kuu na kuanza kupanda Milima ya Usambara, na hapo hushushwa kabichi, viazi na karoti kutoka juu. Land Rover ya kijani ilikuwa imesimama karibu na kibanda cha chai, imejaa magunia.

"Defender!" mwanangu alisema.

"Tazama vizuri," babu yake alimjibu. "Taa ziko kwenye madigadi, lakini grili bado ni ya waya. Hii ni Series IIA ya mwisho mwisho, kabla ya 1972."

Mwenye gari alikuwa mama wa makamo, amejifunga kanga, anahesabu magunia. Marehemu mumewe aliinunua kwenye mnada wa magari ya serikali. Alipofariki, mashemeji walitaka iuzwe. Mama alikuwa hajawahi kushika usukani. Alimwomba fundi wa gereji amfundishe, akajifunza kwenye kona hizohizo za Lushoto, na kwa gari hilo amesomesha watoto hadi chuo. Aliyasimulia haya huku akiendelea kufunga kamba.

Alimpandisha binti yangu kando yake, akamwonyesha namna ya kurudi gia ya pili. Gia ya kwanza na ya pili za gari hilo hazina sinkro, kwa hiyo dereva hukanyaga klachi, hutoa gia, huachia klachi na kupiga mafuta kidogo, kisha hukanyaga tena. "Ukiilazimisha inakwaruza," alisema. "Ukiisikiliza mlio, inaingia yenyewe."

Baba aliingia uvunguni. Chesisi imechomelewa sehemu nyingi, kwa sababu ni ya chuma na chuma huliwa na kutu. Bodi ni aluminiamu. Land Rover ya kwanza ilipotolewa mwaka 1948, chuma kilikuwa kikigawiwa kwa mgao Uingereza baada ya vita, ndiyo maana kiwanda kikatumia aluminiamu. Bahati hiyo imeyapa magari haya maisha marefu, na imeyaletea hatari pia: wanunuzi wa vyuma chakavu huitaka bodi kwa kilo, ikayeyushwe kutengenezea sufuria. Mama ameshawafukuza mara nyingi.

Injini aliyoikuta baba ni ya Toyota, ya dizeli. Nilitegemea asikitike, maana wapo wapenzi wa magari wanaoona kubadili injini ni kuliua gari. Alimpongeza mama. Nami naona amesema haki: historia ya gari la kazi ni pamoja na kila fundi aliyelinusuru, na Land Rover ya Usambara yenye injini ya Toyota inaeleza maisha ya watu wake kwa ukweli kuliko ile iliyong'arishwa ikafungiwa bandani.

Same na Mwanga tulizipita kwa haraka, jua likielekea kuzama. Arusha tulizikuta Land Rover kila upande, nyingi zikibeba watalii. Watu bado walizungumzia tamasha la Oktoba 2024, lililokusanya mamia kwa mamia ya magari hayo kwa nia ya kuvunja rekodi ya dunia iliyokuwa ikishikiliwa na Ujerumani. Jambo hilo lilinifurahisha sana. Mji mzima ulitambua kuwa una kitu cha kujivunia.

Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, yanatunza Rolls-Royce iliyotumiwa na serikali ya kikoloni na baadaye na Mwalimu Nyerere, na ni vema. Magari ya mabwana shamba, wauguzi, walimu na wauza kabichi yako mikononi mwa wenyewe, bila msaada wa yeyote. Kama nyumbani kwenu lipo moja, hata kama haliwaki, tafuta kadi yake, lipige picha, waulize wazee lilinunuliwa wapi na nani alilitengeneza, uyaandike majibu yao. Na mnunuzi wa vyuma chakavu akija na mizani, mwite kwanza fundi alitazame.